Shati Lisilo na Namba

Sehemu ya Tisa

Wiki jana tulimwacha Fundi katikati ya karakana ya gereza, shati la mfungwa mkononi, ulimi umemkauka kama aliyelamba majivu.

Mtu mzima anaogopa shati? Anaogopa, na ana sababu.

Katika gereza lile kila shati lina namba, imeshonewa kifuani juu ya kitambaa cheupe. Mfungwa anayemaliza kifungo hupitia kwa Fundi asubuhi yake ya mwisho. Fundi huifumua namba uzi kwa uzi na kuitumbukiza katika kopo la maziwa. Mfungwa mwenyewe hugawa vitu vyake: huyu kikombe, yule sabuni, mwingine malapa. Ndiyo mila ya mle ndani. Namba ikifumuliwa, mtu ametoka.

Sasa shati hili lilikuja kutoka kwa dobi pamoja na mengine ya kutiwa viraka. Kifuani halikuwa na namba. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa meno, taratibu, bila kuchana kitambaa. Kiraka cha kiwiko Fundi alikijua, maana alikishona mwenyewe mwezi uliopita.

Shati la Dereva. Na Dereva alikuwa amebakiza miaka saba.

Huyu Dereva alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne. Lori lake liliacha barabara likamuua utingo wake, na utingo huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kwa majuma matatu alikuwa kwenye karatasi ya uangalizi. Mfungwa anayehofiwa kujidhuru hutundikiwa karatasi hiyo mlangoni, na kila robo saa askari humchungulia, akaandika saa na kutia sahihi. Na Fundi, mfungwa mwenye kitambaa cha kijani mkononi, alikuwa mmoja wa wasikilizaji wanne waliofundishwa na muuguzi kukaa na watu wa namna hiyo.

Lakini asubuhi ile karatasi ilikuwa imeondolewa. Dereva amepona, walisema. Anakula. Anacheka.

Fundi aliitazama saa ya ukutani. Saa nane na nusu mchana. Saa kumi kamili milango yote hufungwa mpaka alfajiri.

"Afande," alimwambia askari wa karakana, "niruhusu niende zahanati. Sasa hivi."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi mimi."

"Basi asiyeumwa akae kitini. Nahesabu mikasi."

Mikasi ilikuwa saba, kila mmoja na umbo lake lililopakwa rangi ubaoni. Askari alitundika mmoja mmoja. Sita. Akahesabu upya. Sita.

"Hatoki mtu!" akanguruma. "Mikono kichwani!"

Fundi akakumbuka. Asubuhi ile ni nani aliyeleta furushi la nguo kutoka kwa dobi? Dereva. Alisimama pale pale, kando ya ubao, akawatania mafundi wote wakacheka.

Walipangwa ukutani, wanaume kumi na mmoja. Kando ya Fundi alisimama Kifaru, mkata vitambaa, jitu ambalo sare zake hushonwa kwa nguo mbili.

"Mzee, mbona unatetemeka?" Kifaru alinong'ona. "Wewe Alhamisi unakwenda mbele ya bodi ya msamaha. Simama kama mtu wa nyumbani."

Macho ya Fundi yalikuwa chini, kwenye miguu ya Kifaru.

"Raba hizo umezitoa wapi?"

"Nzuri, eh? Zinanibana kidogo, lakini mrembo havai kinachomtosha. Kanipa Dereva."

"Kakupa lini?"

"Jana. Sweta kampa dobi. Kikombe kampa mpishi. Yule jamaa ana moyo, mzee. Nikamuuliza, wewe utavaa nini? Akacheka, akasema, nitakuwa na safari nyepesi."

"Kifaru, mtu mwenye miaka saba ana safari gani?"

Jitu lile liliinama kuzitazama raba.

Dakika zilikwenda. Walipekuliwa mifuko, soli za viatu, mpaka mapindo ya kola. Saa tisa kasoro dakika kumi askari aliifikia meza ya Kifaru, akapiga teke kiti chake cha matambara. Mkasi ukaanguka, tii!

"Kifaru! Tangu asubuhi umekalia nini?"

"Afande, kwa mwili huu nitajuaje?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Fundi hakucheka. Mkasi ulikuwa umepatikana, lakini hofu yake haikuondoka. Basi Dereva hakuwa ameuchukua mkasi. Na dakika ishirini zilikuwa zimekwisha bure.

Mikasi ilipotimia askari alimruhusu Fundi aende. Zahanati alimkuta muuguzi amesimama mlangoni na mkoba begani. Ndani mpishi mmoja alikuwa akigumia, mkono umefungwa bendeji tangu kiganja hadi bega.

"Si sasa, Fundi. Uji umemwagikia huyu, nampeleka hospitali kuu. Gari linaunguruma hapo nje."

Fundi alilikunjua shati.

Muuguzi alilitazama. Alikuwa mwanamke mkavu, si wa kutishika ovyo, lakini mkoba ulimteremka begani wenyewe.

"La nani?"

"La Dereva. Na raba zake anavaa Kifaru."

"Alinichekea leo," muuguzi alisema polepole. "Majuma matatu hainui uso, leo kanichekea. Nikajiambia, dawa imefanya kazi. Nikamwondoa kwenye karatasi kwa mkono wangu huu."

"Sista, mtu aliyebeba gunia akicheka ghafla, ama amelitua, ama ameshaona pa kulitupa."

"Ulimuuliza?"

"Nimekaa naye siku tisa. Tumezungumza habari za matairi, breki, milima..."

"Nakuuliza, ulimuuliza waziwazi?"

Fundi aliinamisha kichwa. Hakuwa ameuliza. Alilelewa akiambiwa kwamba jambo hilo halitajwi, kwamba kulitaja ni kuliita. Miaka sita iliyopita jirani yake wa kitanda aligawa vitu vyake vilevile, na Fundi kwa heshima zake alinyamaza. Asubuhi kitanda kile kilikuwa kitupu. Tangu hapo alivaa kitambaa cha kijani, na bado heshima ile ile ilikuwa imemfunga kinywa.

"Nimewafundisha mara ngapi?" Muuguzi alikuwa tayari anaandika. "Kumuuliza mtu si kumpa wazo. Wazo analo tayari. Ukimuuliza unampa mlango wa kutokea. Nenda kwake. Mimi naipitisha fomu hii kwa Sajini sasa hivi kabla ya kupanda gari. Nimeandika, asilale peke yake, na akaguliwe kila robo saa. Fundi!"

"Naam, Sista."

"Usimhubirie."

Selo ya Dereva ilikuwa mwisho wa korido. Alikaa peke yake tangu mwenzake alipomaliza kifungo. Fundi alimkuta amepiga magoti, anasugua sakafu kwa gunia, anapiga mluzi. Kitanda kimetandikwa bila kunyanzi. Rafu tupu.

"Karibu, mzee wangu! Leo umekuja kukagua usafi?"

"Nimekuja kukaa."

"Kaa. Serikali imenipa miaka kumi ya kukaa, siwezi kukunyima dakika kumi."

Fundi akaliweka shati juu ya kitanda. Mluzi ukakatika.

"Ah, hilo. Namba ilibanduka yenyewe."

"Ile niliishona mimi. Nilichoshona mimi hakibanduki chenyewe."

"Unajisifu, mzee."

"Najisifu, ndiyo. Kazi yangu naijua." Fundi akashuka, akakaa sakafuni kwenye majimaji, uso kwa uso naye. "Mwanangu, nakuuliza na unijibu kama unavyomjibu baba yako. Unataka kujiua?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye gunia. Tone. Tone.

"Watu huulizana hivyo?" Dereva alisema.

"Mimi nilikuwa siulizi. Leo nauliza."

Kicheko kilikuja mpaka kwenye midomo ya Dereva, kikafia pale.

"Ndiyo," alisema.

"Lini?"

"Leo." Alilitamka kama mtu anayetaja siku ya kupeleka mzigo. "Milango ikishafungwa."

Mzee yule alitaka kupiga kelele. Hakupiga. Alitaka kusema Mungu, mama, watoto, aibu. Akakumbuka: usimhubirie. Akanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kazi nzito kuliko suti ya jenerali.

"Nikifumba macho namwona," Dereva alianza mwenyewe. "Yuko kiti cha kushoto. Ananiambia, kaka, punguza mwendo. Kila usiku. Kaka, punguza mwendo."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Ninamjibu nilivyomjibu siku ile. Nilimwambia, dereva ni mimi."

Akaangua kilio. Si kilio cha machozi mawili matatu. Alilia mpaka mabega yakamtoka mahali pake, na Fundi alimshika kisogo kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. Majuma matatu ya karatasi hayakuwa yamelitoa neno lile.

Alipotulia, Fundi aliuliza, "Umegawa vyote?"

"Vyote."

"Na hiyo inayochungulia mfukoni?"

Dereva akasita, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ripoti ya shule. Binti yake, darasa la tatu. Mama yake Dereva aliileta siku ya wageni, na chini kabisa paliandikwa: *Mzazi atie sahihi hapa.* Palikuwa peupe.

"Hujatia."

"Sahihi ya mfungwa ya nini? Wenzake watamcheka."

"Amesema yeye?"

"Hajasema."

"Basi unamjibia. Mama anakuja lini kuichukua?"

"Kesho."

Fundi alimshika mkono. "Mimi sikuombi mwaka. Sikuombi mwezi. Nakuomba mpaka kesho mama afike, umpe ripoti ya mtoto kwa mkono wako, ina sahihi yako. Hiyo ndiyo kazi yako ya kesho."

Mbali, mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Siwezi kukuahidi, mzee. Naweza kujaribu."

"Kujaribu kunatosha kwa leo. Na usiku huu hutakuwa peke yako. Hilo nakuahidi mimi."

Ahadi ni deni, wahenga walisema. Hawakusema kwamba deni lenyewe hudaiwa kabla jua halijatua.

Sajini wa jengo lile aliitwa Sajini Kalamu, nyuma ya mgongo wake. Mfukoni alitembea na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na kumbukumbu zake zilikuwa safi kuliko za gereza zima. Wageni wakubwa walipokuja, daftari zake ndizo zilizotolewa kuonyeshwa.

"Sista wako ametuachia kazi akapanda gari," alisema Fundi alipoingia. Mezani palikuwa na fomu ya muuguzi, imeshapigwa muhuri.

"Ameandika asilale peke yake, Afande."

"Kuhamisha mtu baada ya saa tisa na nusu kunataka kibali cha Bwana Mkubwa, na Bwana Mkubwa yuko kikaoni. Kesho."

"Basi niruhusu mimi nilale kwake."

"Selo yako ni ya watu thelathini. Ukitoka wanabaki ishirini na tisa, na hapo hesabu yangu inapata pengo. Fundi, miaka kumi na tisa sijawahi kuwa na pengo."

"Mtu akifa, hilo si pengo?"

Sajini akatabasamu, tabasamu la mwalimu kwa mwanafunzi mzito.

"Hafi mtu. Atakaguliwa kila robo saa mpaka asubuhi, kama alivyotaka Sista. Karatasi hii hapa, imeshakamilika. Nenda katundike mlangoni kwake, si wewe mwenye kitambaa cha kijani?" Akaikunja mara mbili. "Wala usijisumbue kuisoma. Humo hamna vipimo vya suruali."

Sajini alimkumbuka Fundi wa zamani, aliyetia dole gumba kwenye wino. Hakujua, au hakujali kujua, kwamba Fundi alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na mmoja, humo humo gerezani, katika darasa la jioni, akishindana na herufi kama mtu anayefukuza kuku.

Kengele ya kwanza ililia akiwa koridoni. Saa kumi kasoro dakika tano. Mwanzo wa korido askari wa zamu alikuwa ameanza kubamiza milango.

Fundi alifika penye msumari wa mlango wa Dereva. Akaikunjua karatasi ili aitundike.

Akaisoma.

*Saa 10:15, yupo salama.* Sahihi.

*Saa 10:30, yupo salama.* Sahihi.

*Saa 10:45, yupo salama.* Sahihi.

Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, na mwandiko mzuri wa bluu ulishuka nacho. Saa mbili usiku, yupo salama. Saa sita, yupo salama. Saa tisa, amelala, yupo salama. Mpaka mstari wa mwisho: *Saa 12:00 asubuhi, yupo salama.*

Na saa ya ukutani ilikuwa bado haijagonga kumi.

Usiku mzima ulikuwa umeshakaguliwa. Hakuna askari ambaye angekuja.

"Wewe mzee! Ingia selo yako!" askari wa zamu alipiga kelele bila hata kutazama, funguo zikilia mkononi.

Selo ya Fundi ilikuwa ng'ambo, hatua nane. Fundi alizihesabu kwa macho. Akafikiria Alhamisi, bodi, mkewe ambaye alikuwa ameshapaka chokaa chumba cha mbele.

Kisha akaingia kwa Dereva.

Mlango ukabamizwa nyuma yake. Komeo likapita.

"Mzee," Dereva alisema kitandani, "umekosea chumba."

"Sijakosea. Sikiliza. Gereza linaweza kumsahau mtu, lakini halisahau hesabu. Kule kwangu watapata ishirini na tisa. Firimbi italia, watakuja wote na Bwana Mkubwa mbele. Na mimi nitampa karatasi hii aisome mwenyewe."

"Watasema unatoroka. Bodi je?"

"Bodi watakaa bila mimi. Wana viti vyao."

Ng'ambo, sauti ya askari wa zamu ilikuwa inahesabu. "Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa... Rudia! Kaeni chini nyote! Moja, mbili..."

Mara ya pili, ishirini na tisa.

Hatua zilikuja koridoni, nzito, za viatu vilivyong'arishwa. Kidirisha cha mlango kikafunguliwa, na jicho la Sajini Kalamu likajaa tundu.

Jicho lilimwona Dereva. Likamwona Fundi. Likaiona karatasi ambayo Fundi alikuwa ameiinua juu kwa mikono miwili, kidole kikiwa kwenye mstari wa mwisho.

"Nimeisoma, Afande," Fundi alisema. "Yote."

Mkono wa Sajini ulipanda kifuani, ukaishika firimbi.

Ukabaki hapo.

Kisha kidirisha kilifungwa, polepole, kama kope.

"Afande!" askari wa zamu aliita kutoka mbali. "Huku wako ishirini na tisa!"

"Thelathini," ilijibu sauti ya Sajini, tulivu kabisa. "Mmoja yuko zahanati. Andika thelathini. Hesabu imetimia."

Hatua ziliondoka. Lango la korido likafungwa, na funguo zikazama mbali.

Fundi alielewa. Firimbi ingemleta Bwana Mkubwa, na Bwana Mkubwa angeiona karatasi. Sajini alikuwa amelichagua daftari lake. Hakuna ambaye angekuja, na muuguzi alikuwa hospitali kuu, mwendo wa saa nzima.

Haidhuru, alijiambia. Mimi nipo. Nilimwahidi.

"Basi, mwanangu," alisema, akijikaza sauti, "itoe ripoti ya mtoto. Tuisome pamoja. Hesabu amepata ngapi?"

Mkono wa Dereva ulikwenda mfukoni. Ulitoka mtupu.

"Nimempa Kifaru," alisema. "Alipita hapa wewe ulipokuwa kwa Sajini. Nimemwambia kesho ampe mama."

"Na sahihi?"

Dereva aliinua uso. Alikuwa anacheka tena, kile kicheko cha asubuhi.

"Nimeshatia, mzee. Kwa penseli yake. Sasa sina kazi ya kesho."

Fundi aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chuma, akamvuta kijana kando yake, akamshika kiganja kwa mikono yake miwili, na hakukiachia.

Nje, saa ya ukutani ilifika kumi na robo. Kwenye karatasi, Dereva alikuwa ameshakaguliwa.

Mlangoni hapakuja mtu.